Mstari Chini ya Picha ya Mkurugenzi

Kundi la Mhimili linatengeneza breka za umeme, pampu za haidroli, gia za malori, vipuri vya ndege ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuzipanda, na maneno. Maneno natengeneza mimi. Cheo changu ni Mwandishi wa Wasifu, na kila mwaka natoa kitabu cha kurasa arobaini, karatasi ya kuteleza, kinachoeleza jinsi kampuni ilivyo njema. Wageni hupewa wakiwa wanaondoka, nao hukiacha kwenye viti vya mapokezi. Kwa miaka saba niliamini kwamba hakuna kiumbe anayekisoma, na imani hiyo ilinipa raha kubwa sana kazini.

Bi Tatu Lubuva alikuwa amekisoma. Alikuja Jumatatu asubuhi, nakala yake kaifunga kwenye upande wa khanga, akawaambia watu wa mapokezi kwamba anamtaka aliyeandika ukurasa wa tatu. Mapokezi wakampeleka masoko. Masoko wakampeleka huduma kwa wateja. Huduma kwa wateja wakampa fomu ya kuomba kuunganishiwa umeme, ambayo haikuhusiana na shida yake hata kidogo, wakamwonyesha pa kukaa. Saa sita aliletwa kwangu, na si kwa sababu mtu alifikiri. Ofisi yangu ndiyo ya mwisho kwenye korido, hapakuwa tena pa kumpeleka.

Nilimwamkia, akaitikia, akafungua kitabu. Kidole chake kikaenda moja kwa moja chini ya picha ya Mkurugenzi.

"Haya maneno ni ya nani, mwanangu?"

Mstari wenyewe ulisema: Mhimili huamini kwamba umeme ni haki ya anayezalisha.

Niliukumbuka. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi jioni, na mpanga kurasa alinipigia kulalamika kwamba chini ya picha ya Mkurugenzi pamebaki upara wa mstari mmoja. Nilimwandikia nikiwa nimesimama, mkoba begani, nikifikiria foleni ya kuingia Kihonda ninakokaa. Sikuamini nilichoandika, wala sikukipinga. Kilijaza nafasi.

Nilimwambia Bi Tatu kwamba ni maneno ya kampuni. Alinitazama kama mtu anayetazama mboga iliyolala siku mbili sokoni, kisha akanieleza kisa chake. Mumewe, Mzee Salehe Lubuva, alikuwa fundi wa kusuka nyaya za mota hapahapa kwetu miaka ishirini na sita. Vanishi ya karakana ilimla mapafu. Hospitali ya mkoa walimrudisha nyumbani na mashine ya oksijeni kwa sababu wodi imejaa, na mashine inataka umeme muda wote, betri yake ikishika dakika arobaini tu. Sasa kila siku saa nane mchana nyumba yao inakatwa hadi saa kumi na moja, na majirani ndio wanaomwokoa kwa wanavyojua. Kisanduku cha ukutani kinazima, halafu kinaandika sababu kwenye kioo chake kidogo. Aliinakili kwa kalamu kwenye kiganja ili asikosee, akanionyesha: Umekatwa. Rejea Wasifu, ukurasa wa 3, mstari wa 11.

"Ndiyo nikakitafuta hiki kitabu," alisema. "Nilitaka nimjue huyo mtu anayeamini hivi."

*

Mhandisi Eliakunda Nanyaro ndiye aliyekisuka kichwa cha kile kisanduku. Kampuni inakiita Mfumo Mwamuzi, au Mwamuzi tu. Watu wa mjini wanakiita Kiherehere, na wao ndio walio sahihi. Nilimkuta maabara, anakula mihogo juu ya michoro, nikamuuliza ni mwendawazimu gani aliyeipa breka kitabu changu ikisome.

Alinieleza taratibu, kwa sauti ya mtu aliyewahi kueleza mara nyingi bila kusikilizwa. Tangu mabwawa yapungue maji, Morogoro ina umeme wa kutosha asubuhi na jioni, lakini mchana, jua linapopasha mji na viwanda vyote vikinguruma, unapungua. Zamani mgawo ulikwenda kwa zamu: mtaa huu unakatwa kwa muda wa saa tatu, kisha mtaa ule kwa muda huohuo, kila mtu analaani kwa ratiba. Kisha Mhimili likapata kazi ya kusimamia umeme wa mji mzima, na kila nyumba ikafungwa Mwamuzi. Umeme ukipungua, visanduku vyote vinaulizana ndani ya kufumba na kufumbua nani anahitaji nini, halafu vinakubaliana nani azimwe. Kwa kuonja tu jinsi umeme unavyovutwa, kisanduku kinajua kama ni pasi, jokofu, mota ya kusaga au feni.

"Kujua kinajua," alisema Nanyaro. "Ila kuchagua, dada Zamoyoni, hakiwezi mpaka kiambiwe kipi ni bora. Na sheria inasema mashine inayoamua juu ya watu ifuate waraka uliopitishwa na bodi na kuwekwa wazi kwa umma. Nikaomba waraka. Nikaomba miezi mitano."

Bodi ilikuwa na shughuli nyingi. Ilikuwa inachagua rangi ya malori. Mwishowe katibu wa bodi aliona kwamba kuna waraka mmoja tu ambao bodi iliwahi kuupitisha wote, mwanzo hadi mwisho, bila swali hata moja, akampa Nanyaro Wasifu. Mwamuzi ukausoma wote. Katika kurasa nyingine thelathini na tisa haukupata cha kushika, maana hakuna mashine inayoweza kutekeleza ubora usio na mipaka. Ukabaki na mstari wangu wa Ijumaa, na huo ulikuwa na nani na nini. Ukaushika.

Basi mji ukagawiwa kwa mstari huo. Vinu, karakana, saluni na wachomeleaji wanawaka. Nyumba zenye watu waliokaa tu zinazimwa. Hospitali ya mkoa imenusurika kwa sababu ya mashine zake kubwa za kufulia mashuka, Mwamuzi ukadhani ni kiwanda. Shule na vituo vya afya vilizimwa vyote. Mzee anayepumua hazalishi kitu.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akafungua droo, akanionyesha barua kumi na moja alizoandika kwa Mkurugenzi, na jibu moja: Tunathamini mchango wako.

Jibu hilo niliandika mimi pia, zamani, kama mfano wa kujibia wafanyakazi. Sikumwambia.

*

Nilikwenda kwa akina Lubuva siku iliyofuata, saa nane na nusu. Nilitegemea kukuta giza na mgonjwa. Nilikuta vyerehani vinne vya umeme vimepangwa kuzunguka kitanda, wanawake wanne wanashona kwa kasi, na watatu wengine kwenye mkeka wanafumua. Mashine ya oksijeni ilikuwa inakoroma vizuri kwenye kona.

Wanawake wa mtaa walikuwa wamekijua Kiherehere kabla ya bodi yetu kukijua. Kwanza jirani mwenye saluni alivuta waya hadi kwa mzee, kama wanavyovutiana waya kukiwa na msiba au shughuli. Mwamuzi ukauona waya, ukauita mvujo, ukazima na saluni. Wakaleta cherehani kimoja na kukiacha kizunguke bure. Siku mbili kikapita, siku ya tatu Mwamuzi ukagundua kwamba sindano haipiti kwenye kitambaa. Basi wakashona kweli. Walishona foronya mpaka vitambaa vikaisha, na kwa kuwa hakuna mtaa unaohitaji foronya mia mbili kwa wiki, wakaanza kuzifumua na kuzishona upya, kwa zamu, kila mchana, saa nane mpaka saa kumi na moja. Niliishika moja. Ilikuwa imetoboka kama chujio la nazi.

Hayo ndiyo maendeleo yaliyoletwa na Kundi la Mhimili: wanawake saba, wenye kazi zao, wanashona na kufumua kitambaa kilekile ili mtu mmoja aruhusiwe kuvuta pumzi. Na siku umeme ukipungua zaidi, hata ushonaji hautoshi, vyerehani vinazimwa kwa sababu vinu vimeomba zaidi. Ilishatokea mara mbili. Mara ya pili betri iliisha na mzee alibadilika rangi.

Mzee Lubuva alikuwa macho. Mrija puani, mikono mikubwa juu ya shuka, na vidole bado vina alama za waya wa shaba. Bi Tatu alimwambia mimi ni nani, bila kupamba. Nikamwamkia, naye akaniuliza kama karakana namba mbili bado inavuja mvua. Nikasema inavuja.

"Sisi tulisuka mota zenye adabu," alisema, akipumzika kati ya maneno. "Unaiwasha, inawaka. Haikuulizi wewe ni nani."

Niliona aibu, na niseme wazi kwamba aibu hiyo haikunizuia kuangalia saa. Nilikuwa na kikao saa kumi.

*

Zilikuwapo njia mbili, na zote alinionyesha Nanyaro.

Ya kwanza inaitwa Ukanusho. Sheria ileile ya mashine inampa mwandishi wa mstari wowote haki ya kuukana kwa saini yake mwenyewe. Anajaza karatasi moja, anapeleka kwa msajili pale mjini, na kabla ya jua kuzama mstari umefutika. Mwamuzi ungekosa cha kushika, ungerudi kwenye zamu za zamani, saa tatu zinazojulikana tangu jana yake, na katika saa tatu zinazojulikana Mzee Lubuva angeweza kubebwa hadi kituo cha afya cha mtaa wenye umeme na kurudishwa. Ila anayekana mstari anakiri kuwa ni wake. Anabeba lawama ya madhara yote yaliyotokana nao, tangu siku ya kwanza. Na katika mji wa watu laki nne, sikuwa najua madhara hayo ni mangapi. Sikutaka kujua.

Njia ya pili ilikuwa ya werevu. Wasifu mpya ulikuwa unapelekwa bodi Ijumaa ile. Ningeweza kuuondoa mstari wangu na kuweka mwingine mahali palepale, mstari ambao bodi ingeupitisha kwa sababu unaisifu, na Mwamuzi ungeushika kwa sababu una nani na nini. Mwaka juzi nilijaribu kuandika wagonjwa kwanza, wakakata, wakisema inaleta picha ya hospitali. Sifa hawajawahi kukata.

Nilimwonyesha Nanyaro rasimu: Mhimili huwa wa kwanza kujitoa ili wengine wasipungukiwe.

Alisoma mara mbili, akaacha kutafuna muhogo wake. Viwanda vyetu vitatu na makao makuu, alisema, vinakula karibu nusu ya umeme wa mchana wa mji mzima. Kwa mstari huo, mgawo ukianza, vitazimwa vyenyewe kwanza, mashine moja baada ya nyingine bila kumdhuru mfanyakazi, na nyumba zote zitabaki zinawaka. Kila nyumba, kila shule. Hakuna zamu wala wa kuachwa.

"Ni bora kuliko Ukanusho," nilisema.

"Ni bora," alikubali. "Ila Ukanusho ni leo."

Nikamwambia siku tatu si nyingi. Nikamwambia ukanusho ungeondoa ubaya tu, huu ungeleta wema, na wa mji mzima. Hoja zilikuja zenyewe, zimepangwa, zina mwanzo na mwisho, kama zinavyonijia siku zote ninapolipwa kuzitoa. Kila moja ilikuwa ya kweli. Ila chini ya zote kulikuwa na hoja moja isiyosemwa, kwamba kwa njia ya pili jina langu halionekani popote, na nyumba ya kampuni ninayokaa itaendelea kuwa yangu.

Nanyaro aliniwekea karatasi ya Ukanusho mezani hata hivyo. Nikaitia kwenye mkoba.

*

Bodi ya Mhimili ina wajumbe tisa, na ukiwachanganya wote hupati mtu mmoja anayeweza kubadilisha balbu. Walikutana Ijumaa kwenye ukumbi wenye baridi ya kuvalia koti. Mkurugenzi, Bwana Deogratias Rweyongeza, mrefu, mwenye sauti ya kutolea mahubiri, aliusoma mstari wangu mpya kwa sauti. Akaurudia, polepole, akijisikiliza.

Mjumbe mmoja akasema umemgusa. Mwingine akasema hivi ndivyo Mhimili lilivyo, siku zote limekuwa likijitoa, akataja kalenda tulizogawa. Walipiga makofi. Hakuna aliyeuliza kujitoa maana yake nini, nani atajitoa, au atoe nini. Mkurugenzi akaagiza uandikwe kwa herufi kubwa zaidi chini ya picha yake, na mimi nikashukuru kwa kichwa, moyoni nikiwacheka kwa dharau niliyodhani ninastahili kuwa nayo.

Kisha wakafika kwenye jalada.

Jalada lilikuwa na picha ya mota. Mwenyekiti alisema mota ina rangi ya kijani, na kijani ni rangi ya washindani wetu. Wengine wakasema kijani ni mazingira. Walibishana kwa saa mbili, kwa moto ambao sijawahi kuuona wakijadili jambo la binadamu. Wakaamua kwamba Wasifu umepita ila hautatangazwa mpaka picha mpya ipigwe, iletwe, ionekane na wote. Wasifu usiotangazwa Mwamuzi hauusomi. Wakaahirisha hadi Jumanne ya wiki ya pili yake. Siku kumi na moja.

Nilitoka nikiwa na karatasi kwenye mkoba. Ofisi ya msajili ilikuwa inafungwa saa tisa na nusu, na ilikuwa saa nane. Kwa miguu ni robo saa. Nilisimama nje ya geti, jua kali, nikahesabu mambo kichwani. Wanawake wale wanashona vizuri. Vyerehani vimeshindwa mara mbili tu. Siku kumi na moja si mwezi. Na nikienda sasa, mstari mpya nao utajulikana ulikotoka, bodi itaustukia na kuukata, na mji mzima utakosa kwa sababu ya haraka yangu.

Hoja hiyo ya mwisho ilikuwa nzuri kweli. Nikarudi ndani, nikampigia mpiga picha kumhimiza kuhusu mota.

Alichelewa naye. Alileta mota ya bluu Jumatatu.

*

Jumanne asubuhi jalada lilipita na Wasifu ukatangazwa, na saa nane na dakika nne, mwenyekiti akiwa bado anasifu jalada, ukumbi wa bodi ulizimika. Baridi ikakata. Lifti ikafika chini polepole, ikafungua milango na kubaki imeachama. Viwanda vikanyamaza kimoja baada ya kingine, kwa adabu kama Nanyaro alivyosema, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nilisikia kunguru wa nje. Kwenye kisanduku cha ukutani, nyuma ya kiti cha Mkurugenzi, kioo kidogo kikaandika: Umekatwa. Rejea Wasifu, ukurasa wa 3, mstari wa 11.

Bwana Rweyongeza aliusoma, akaagiza ufutwe. Katibu akamweleza kwamba Wasifu uliotangazwa unadumu mwaka mzima, na kuubadilisha kabla ya hapo kunataka kikao cha wazi ambako kampuni itaeleza mbele ya wananchi kwa nini haitaki tena kujitoa. Wajumbe walianza kuvua makoti.

Niliondoka bila kuaga. Nilitembea hadi mtaa wa akina Lubuva, na njia nzima redio zilikuwa zinaimba, feni zinazunguka, mtu kafungua jokofu kuuza barafu. Nilikuwa na furaha, sitaficha. Nilikuwa natunga jinsi nitakavyolisema jambo hili.

Turubai lilikuwa limefungwa mbele ya nyumba. Wanaume wamekaa kwenye viti, wanawake ndani.

Mzee Salehe Lubuva alifariki Jumapili, saa tisa na dakika ishirini mchana. Vinu viliomba umeme mwingi, vyerehani vikazimwa, betri ikashika dakika arobaini, kisha ikaisha. Wanawake saba walikuwa wamekaa kumzunguka na foronya mikononi. Walimzika Jumatatu asubuhi. Haya niliambiwa mlangoni na jirani mwenye saluni, ambaye alidhani nimekuja kuhani.

Ndani feni ilikuwa inazunguka na taa zote zinawaka. Bi Tatu alikuwa kwenye mkeka. Nilimpa pole, akaipokea. Alikuwa ameshasoma Wasifu mpya, ulibandikwa kwa mjumbe wa nyumba kumi asubuhi ile, na alijua ni wangu.

"Umeandika vizuri," alisema. "Mwanangu, hakukuwa na njia ya haraka zaidi ya hii?"

Ningeweza kusema sheria, bodi, picha ya mota. Yote yalikuwa ya kweli.

"Ilikuwepo," nikasema. "Ya siku moja."

Hakuniuliza kwa nini sikuitumia. Alishika ukuta, akainuka, akaenda hadi kwenye kisanduku mlangoni. Kilikuwa na taa ndogo ya kijani, inayoonyesha kwamba nyumba hii leo ina haki. Akafungua kifuniko na kuivuta swichi kubwa chini kwa mkono wake.

"Umeme wako huu sisi hatuutaki leo," alisema.

Feni ikazunguka kidogo, ikasimama. Bi Tatu akarudi mkekani. Joto likaanza kupanda, na jasho likatutoka wote. Hakuna aliyeniambia niondoke, na hakuna aliyesogea kunipa nafasi ya kukaa.